Msondo Wenye Waya

Jumatatu, 2 Juni

Viungio vinne leo. Viwili vimeshika, kimoja kimepoa vibaya, kimoja nimekirudia mara tatu. Solda imebaki kipande cha kidole. Chai saa nne, uji saa saba. Sikuvitaka vyote viwili, nikavinywa.

Siku ya themanini ya eda. Zimebaki arobaini na nane. Kaniki ileile. Sitoki uani, sijipaki manukato, kioo nimekigeuzia ukutani. Hakuna ninachokikosa.

Niliuliza wanaojua dini kama mjane anaruhusiwa kushika chuma cha solda. Hakuna aliyesema hapana. Nadhani hakuna aliyewahi kuulizwa.

Omari alikuwa fundi wa redio na spika hapa Kibiti, na mimi mkewe nilikuwa fundi wake. Miaka tisa meza moja. Yeye anachora, mimi nachomelea, kwa kuwa mkono wangu hautetemeki. Katikati ya kazi za watu alikuwa anaunda mtambo wake. Sinthesaiza, alivyouita. Visanduku kumi na kimoja vya bati kwenye fremu ya mbao. Kimoja kinazaa sauti, kimoja kinaichuja, kingine kinaifungulia mlango na kuifungia. Unaviunganisha kwa waya upendavyo. Sauti zote zipo. Kilichokosekana ni mahali pa mtu kuweka mkono. Kontrola. Alikuwa anaitengeneza ndani ya ngoma, kwa ajili ya baba yake.

Tarehe kumi na tano Machi lori lilimgonga pale Bungu, anarudi kutoka Dar na pikipiki. Mfuko wa vifaa ulirudi mzima. Namalizia kazi kwa kuwa vifaa vipo. Sijui sababu nyingine.

Jumatano, 4 Juni

Rezista tisa. Mistari ya rangi: nyekundu, nyekundu, kahawia. Macho yanauma.

Mzee Salehe, baba mkwe, anakaa chumba cha mbele. Maisha yake yote amekuwa mpiga msondo, ile ngoma ndefu. Kutoka Mkongo hadi Mohoro hakukuwa na harusi wala ngoma ya kumtoa mwali ambako hakuitwa. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilichukua mkono wa kulia wote na nusu ya wa kushoto. Vidole vitatu vya kushoto bado vinainuka, ila nguvu yake haiamshi paka. Tangu hapo msondo uko juu ya boriti na yeye hauangalii. Ana redio, haiwashi.

Omari alimwahidi. Baba, utapiga tena, wewe gusa tu, kelele mtambo utapiga. Mzee akajibu kwamba ahadi za mafundi anazijua. Lakini baadaye nilimwona peke yake anafungua na kufunga vidole.

Kaka yangu Bakari atanifuata tarehe ishirini Julai, siku ninayotoka eda, anirudishe kwetu Mohoro. Wamepanga, sikupinga. Nikiondoka kontrola haijaisha, haitaisha, maana michoro ya Omari hakuna mwingine anayeisoma. Na mzee hatapiga tena mpaka anaingia kaburini. Ndiyo hivyo.

Jumamosi, 7 Juni

Idd ya kuchinja. Ya kwanza bila yeye. Nilidhani itakuwa nzito. Ilikuwa siku.

Wifi Tatu, dada yake Omari, ndiye anayenilinda kwenye eda na ndiye miguu yangu nje ya ua. Juzi nilimwagiza kapasita akaniletea betri za saa. Zinafanana, alisema. Leo kanikuta na chuma cha moto mkononi siku ya Idd, akaweka mikono kiunoni. Wifi, mjane anasoma, anashona, analala. Hachomi mabati. Nikamwambia sijui kushona.

Wamechinja mbuzi. Tatu alikuwa anaitupa ngozi nyuma ya choo, mzee akasema kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "We Tatu, ngozi hiyo usitupe. Ya msondo imekufa." Tatu akasimama na ngozi inadondosha damu miguuni. Tangu msiba hatujamsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

Sikupata furaha. Niliandika kwenye mchoro: ngozi mpya, pima upya.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimeitia nyumba aibu.

Wanawake wa mtaani walikuja baada ya alasiri kumsomea Omari Yasini. Niliacha mtambo umewashwa chumbani, kisahani kiko mezani, waya wa spika sikuuchomoa. Kisahani ndicho moyo wa kontrola. Ni duara jembamba la shaba, upana wa kifuniko cha chupa, na ukikigusa kinatoa umeme kidogo sana. Umeme huo unaufungulia mtambo mlango wa sauti. Omari alinunua viwili, vikubwa na vizuri, safari ile ya mwisho.

Kuku wa Tatu aliingia chumbani akaruka mezani, akatua juu ya kisahani.

Sauti ilitoka ya kutikisa mabati. Wanawake wakanyamaza. Mmoja akatoa shahada. Kuku naye akaona kitu kinang'aa, akakidonoa mara tatu. Duu, duu, duu, katikati ya Yasini ya marehemu.

Nilikimbia kuzima. Nilichofikiri mbele ya watu wote wale, na nakiandika hapa kwa kuwa ni kweli, ni kwamba kama mdomo wa kuku unatosha, vidole vya mzee vitatosha.

Tatu hakunigombeza mbele za watu. Walipoondoka alichukua spika akaenda kuifungia chumbani kwake. Nyumba ya msiba haipigwi ngoma, alisema. Ana haki. Nimetafuta hedifoni za Omari. Sponji ya upande mmoja imeng'oka.

Jumatatu, 16 Juni

Kisahani kinasikia kupita kiasi. Kinasikia jogoo, kinasikia Tatu akitwanga, kinanisikia mimi nikikohoa. Nyumba iko hatua chache kutoka barabara kuu na kila lori likipita, kisahani kinalijua kabla yangu, na mtambo unaniungurumia masikioni.

Nimeongeza rezista moja moja mpaka malori yakanyamaza. Imechukua tangu asubuhi hadi magharibi. Sikuona raha. Ila sikusimama pia.

Ijumaa, 20 Juni

Ngozi imevalishwa. Mzee kakaa barazani anaamuru, Tatu anavuta. Vuta kwako. Kwako, siyo kwangu. Umekula nini leo, huna nguvu? Tatu akamwambia angemzaa mwanamume wa pili kama alitaka nguvu. Halafu wote wawili wakakumbuka kwamba wa kwanza hayupo. Wakaendelea kuvuta.

Vigingi kumi na viwili vya mti. Manyoya ya ngozi yamekwanguliwa kwa kipande cha chupa. Kwenye mchoro nimeweka alama mbili: katikati kwa sauti nzito, ukingoni kwa sauti nyembamba.

Jumamosi, 21 Juni

Nimegandisha visahani vyote viwili chini ya ngozi kwa gundi ya kuchanganya, ya mirija miwili. Nimeingiza mkono mzima kwa chini, msondo hauna kitako. Waya umeshuka ndani ya mbao, umetokea chini kwenye jeki, tundu la kuchomekea mtambo. Nimevaa hedifoni nikagusa kwa kidole cha mwisho, kile kidogo.

Inafanya kazi. Katikati nzito, ukingoni nyembamba, na ukigusa kwa nguvu zaidi inapanda. Naandika tena. Inafanya kazi.

Mzee alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale muda gani. Nikamwambia kesho asubuhi, baba. Akasema inshallah, akaenda kulala mapema kama mtu mwenye safari.

Jumapili, 22 Juni

Niliamshwa na harufu ya makuti yanayoungua. Chini yake harufu nyingine, ya plastiki.

Mzee alikuwa uani juu ya kigoda, moto mbele yake, msondo kaulaza ngozi ikitazama moto. Anaugeuza polepole kwa mkono wake huo mmoja, anabisha kwa kidole, anatega sikio, anaugeuza tena. Kanzu safi. Kofia.

Hivyo ndivyo mpiga ngoma anavyofanya kabla ya kupiga. Ngozi hulegea kwa umande, bila moto hailii. Hilo hapa hafundishwi mtu. Nimeona ngoma zikipashwa moto tangu sijaota meno. Na sikufikiri. Siku zote hizi za rezista na kapasita, sikufikiri hata mara moja.

Gundi imeyeyuka. Ganda la waya limeungua. Visahani vimekunjamana.

Nilimpigia kelele. Baba mkwe wangu. Nilisema umeviua, nilisema Omari amekufa amevibeba hivyo, nilisema na mengine. Mtaa wote umesikia. Mzee aliulaza msondo chini taratibu, ukamponyoka mwishoni, ukagonga.

Jumatatu, 23 Juni

Sina la kuandika. Nimelala.

Alhamisi, 26 Juni

Tangu Jumapili mzee hajatoka chumbani. Tatu anaingiza sahani, anatoa sahani, wali uko vilevile. Amemwambia Tatu msondo apasulie kuni. Tatu hajaupasua, kauficha nyuma ya mtungi. Mimi mzee hanigombezi. Angenigombeza ningejua pa kuanzia.

Leo nimekwenda. Nimepiga magoti mlangoni kwake. Nilisema radhi, baba, nilikukosea adabu, na mimi ndiye niliyesahau kukwambia gundi haitaki moto. Maneno yalitoka makavu. Nilijisikia ninasoma tangazo.

Mzee akasema, "Nilitaka nikupigie kitu kizuri, mwanangu. Ngoma isiyopashwa moto ni mzinga wa nyuki tu."

Halafu akasema Omari angemwambia. Nikamjibu kweli tupu. Omari naye alisahau, baba. Nikamwendea na daftari la Omari. Mchoro wake wa mwanzo, mkono wake mwenyewe, mshale unaelekea kwenye ngozi na neno gundi. Hakuna moto popote. Mtoto aliyekulia pembeni ya moto huohuo. Mzee aliitazama karatasi karibu sana na uso. Akacheka kwa pua, mara moja. "Fundi wangu," alisema.

Nikamuuliza ngozi ikishatoka motoni inabaki imekaza kwa muda gani. Akasema asubuhi nzima, ikiwa hakuna mvua. Tukaangaliana. Basi visahani visiishi humo. Viingie baada ya moto.

Amekula nusu sahani.

Jumamosi, 28 Juni

Visahani vya kununua hakuna, si hapa. Lakini kila kitu kinacholia pii kina kisahani ndani yake, kidogo, dhaifu. Karakana yetu imejaa vitu vilivyokufa. Mimi siwezi kwenda. Nimempa Tatu ufunguo. Haijafunguliwa tangu Machi. Nikamwambia alete kila kinacholia.

Alikwenda asubuhi akarudi adhuhuri. Kikapu kimejaa saa za ukutani, vikokotoo, simu za kuchezea watoto, kengele ya mlango. Macho mekundu, pua imevimba. Akasema kalenda ya mle ndani bado ni Machi. Akasema alikaa kwenye stuli ya kaka yake akalia mpaka akachoka, halafu akaanza kuchagua vitu, halafu akalia tena.

Nilimsikiliza, nikamwonea wivu. Wivu mkali. Hata siku ya maziko sikutoa chozi, na watu waliliona hilo. Walisema ni mshtuko. Siku mia na sita sasa. Mshtuko gani huo.

Jumatano, 2 Julai

Nimefungua vitu kumi na saba. Visahani kumi na viwili, saba vizima. Vyembamba kama ganda la kitunguu, ukivuta waya vibaya vinachanika. Vimechanika viwili. Vimebaki vitano: vinne vya msondo, kimoja cha majaribio.

Solda imeisha. Nimeanza kunyonya solda kutoka kwenye mabodi ya redio zilizokufa, tone kwa tone. Ni kazi ya kipumbavu na ndiyo iliyopo.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Ng'ambo ya barabara wamefunga spika, wanapiga singeli tangu asubuhi. Hakuna wa kuwazuia na hawana kosa, msiba si wao. Kisahani cha majaribio nimekibandika kwenye kopo la maziwa na kinacheza chenyewe kwa mtikisiko wao. Nikazima.

Kaka Bakari kapiga simu. Chumba kipo tayari, kitanda kipo, mkewe amepaka chokaa. Jumapili ya tarehe ishirini, saa nne, atakuja na pikipiki ya kubebea mizigo. Kauliza kama ni mzima. Nikasema mzima. Akasema basi vizuri. Ni kaka mwema. Sijui kwa nini nilikata simu hajamaliza salamu.

Ijumaa, 11 Julai

Mzee sasa ameweka kiti mlangoni kwangu, nje ya kizingiti kama heshima inavyotaka, na anakosoa. Huo waya mrefu. Hapo pataliwa na panya. Mbona unashika kama unaogopa?

Tatizo lilikuwa hili: kisahani kiguse ngozi kwa ndani, kwa nguvu ya kutosha kuisikia, lakini si ya kuizuia isilie. Na kiingie na kutoka bila gundi. Siku tatu nimejaribu sponji, kitambaa, waya wa kujikunja. Vyote vinateleza.

Leo mzee akasema tyubu. Tyubu ya pikipiki, ukanda wa vidole viwili, uvutwe juu ya vijiti viwili vilivyopishana. Hivyo ndivyo walivyokuwa wanakaza ngozi walipokosa kamba. Akanielekeza fundo kwa mdomo, kwa kuwa mkono hauwezi kulionyesha. Pitisha. Rudisha. Hapana, chini. Nimefunga mara nane. Ya tisa akanyamaza, nikajua ndiyo.

Sasa ni hivi. Moto kwanza. Halafu vijiti vinapanda kwa chini, visahani vinne vimekaa juu ya mpira, vinafika kwenye ngozi na kuibusu, kigingi kinazuia. Ukimaliza unavuta, vinatoka. Omari hakuchora hili. Nimelichora mimi kwenye ukurasa unaofuata wa daftari lake, na chini nimeandika Zainabu, jina langu. Sijui ni la nini, lakini nimeliandika.

Jumanne, 15 Julai

Umeme hakuna tangu jana. Siku tano zimebaki. Mzee anapiga paja lake kwa vidole vitatu, uso umetazama mbali. Tatu anafunga nguo zangu kwenye sanduku bila kuniuliza zipi.

Nimekaa tu.

Alhamisi, 17 Julai

Umeme umerudi saa sita. Mtambo uliwaka, kisanduku cha kuchuja kikatoa moshi kidogo. Kapasita. Nimeichomoa, nimeweka ya redio ya jirani ambayo hakuja kuichukua. Nitamwomba radhi nikitoka.

Mkono wangu ulitetemeka leo. Haujawahi. Nimesubiri ukaacha, ukaanza tena. Nimemalizia hivyohivyo.

Jumamosi, 19 Julai

Tatu aliwasha makuti mwenyewe. Mzee akapasha. Alichukua muda wake wote, anabisha, anasikiliza, anageuza, na hakuna aliyemharakisha. Alipotikisa kichwa kukubali nikainama, nikapandisha vijiti, nikagonga kigingi. Ngozi ilikuwa ya moto. Visahani vyote vinne vikaitika.

Spika bado iko chumbani kwa Tatu, na ni haki yake, imebaki siku moja. Hedifoni kubwa kwa mzee. Mimi za simu ya Tatu, kwa jeki ya njia mbili niliyoitengeneza juzi, maana mkwe na mkwe hawagawani hedifoni moja. Tukakaa, msondo katikati ya magoti yake, mimi kwenye mkeka na mtambo.

Akagusa. Kidole kimoja.

Alishtuka akatazama nyuma. Akagusa tena. Halafu vyote vitatu. Nje hakikusikika kitu, ngozi ikipapaswa tu. Tatu aliyekuwa anaosha vyombo aliona mzee anachezesha vidole na mjane kakodoa macho. Lakini masikioni mwetu ilikuwa ngoma ya harusi nzima. Nzito, pana, na kwa kila anaponyanyua kidole ilikuwa inapanda na kuvunjika kwa namna ambayo hakuna ngozi ya mbuzi inayoweza. Hakupenda hilo mwanzoni, alikunja uso. Halafu akalipenda, akalirudia makusudi.

Mzee alikuwa anapiga. Naliandika wazi. Anapiga.

Ila kulikuwa na kitu. Kila baada ya mapigo machache alisimama. Kidole hewani. Kisha anaendelea, kisha anasimama tena, palepale. Nilidhani ni kasoro. Nikaangalia waya, nikaangalia vijiti. Kila kitu kizima. Nikamvua hedifoni nikamuuliza, baba, inakata?

"Haikati," akasema. "Hapo ni pa chapuo." Chapuo ni ile ngoma ndogo inayomjibu msondo. Akasema msondo hausemi peke yake, unauliza na kunyamaza. Miaka yote ile aliyekuwa anamjibu ni Omari, tangu ana miaka saba, mpaka kiharusi. Nilikuwa sijui. Miaka tisa na sikuambiwa. Alisema sikuacha wazi makusudi, mwanangu, mkono ndivyo unavyojua.

Akavaa tena hedifoni. Akapiga, akafika pale, akasimama, akanitazama.

Kopo la maziwa lilikuwa karibu, na kisahani chake. Nikachomeka. Nikagonga kwa penseli.

Nilichelewa. Akasonya. Akaanza upya. Nikawahi. "Unakimbilia wapi?" alisema, kwa ukali kabisa, sauti ya juu ya mtu mwenye hedifoni. Akaanza upya. Miezi minne watu wananisemesha kwa upole kama yai. Tulikwenda hivyo mpaka adhuhuri. Nilipata mara mbili. Labda tatu.

Jumapili, 20 Julai

Nimetoka eda. Tatu aliniogesha alfajiri, akanivisha khanga mpya ya kijani, akanipaka mafuta. Alisema nimekonda. Nilitazama kioo. Nimekonda.

Kaka Bakari alifika saa nne kama alivyosema. Sanduku lilikuwa mlangoni. Alimsalimia mzee, wakapeana pole, akanywa chai. Halafu akasimama, akashika sanduku, akasema haya, baba, sisi tunakuaga.

Mzee hakusimama. Akamwambia, "Mwache kwanza. Bado anachelewa."

Kaka hakuelewa. Akanitazama. Tatu naye alinitazama, halafu akatazama chini. Nilikuwa na jibu, sikulipanga. Nikasema kaka, niache kidogo. Nitakuja kuwasalimia, nitarudi. Karakana ina kazi za watu, zimekaa tangu Machi. Akauliza kidogo ni lini. Nikasema sijui. Akaweka sanduku chini. Alikuwa amekasirika, kisha akawa hajakasirika. Akaondoka na trela tupu.

Tatu alipakua wali na samaki wa kukaanga. Nikakaa barazani, nje, watu wanapita. Nilisikia njaa. Njaa kweli, ya kutetemesha. Nikala kwa mkono, haraka, bila adabu. Sahani ilipofika katikati nilianza kulia. Wali mdomoni, siwezi kumeza wala kutema, kamasi, kila kitu. Mpita njia mmoja aligeuka, akaendelea na safari yake. Tatu alinishikia sahani mpaka nilipomaliza.